Mtoto wa mbwa ndani ya nyumba: Kazi huanza shule zikifunguliwa

Morogoro. Jumatatu ya kwanza baada ya shule kufunguliwa Julai, saa 11:40 alfajiri, sweta la shule la binti wa darasa la pili lilikutwa sakafuni likiwa limelowa. Hapakuwa na haja ya kuuliza nani kafanya. Popi, mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, alikuwa amejibanza nyuma ya kochi, masikio yamelala, mkia ameuficha katikati ya miguu.

Baba alimvuta, akamsugua pua kwenye sweta, akampiga makofi mawili na kumtoa nje. Binti akaanza kulia, na hakuwa analilia sweta. Mama, aliyebakiwa na dakika ishirini za kuwahi daladala, akamwita dada wa kazi aje adeki. Dada akaja na ndoo, akaiweka chini, akasema kwa upole kabisa: “Mama, mwisho wa mwezi naomba niende nyumbani. Mimi nilikuja kulea watoto. Mikojo ya mbwa siiwezi tena.”

Hivyo ndivyo ilivyoanza wiki ngumu kwa familia hiyo ya Kihonda, ambayo ilikaribia kumpoteza dada aliyewalea watoto wao kwa miaka mitatu, kwa sababu ya mnyama waliyekaa naye wiki tano. Majina yao hayatajwi humu kwa ajili ya mtoto mmoja, na sababu yake itaonekana huko mbele.

Popi hakuletwa awe wa kuchezea. Mtaani kulikuwa na wizi. Kwanza zilipotea kuku za jirani, kisha mtungi wa gesi ukabebwa jikoni kwao wenyewe mchana kweupe. Baba akaamua nyumba inahitaji mbwa, na mfanyakazi mwenzake akampa dume mmoja wa wiki nane, shule zikiwa zimefungwa Juni. Mpango ulikuwa alale nje, kwenye banda. Banda lenyewe lilikuwa halijajengwa. Watoto wakaomba alale sebuleni siku mbili tu, na kila mzazi anajua siku mbili za watoto zina urefu gani.

Mwezi ule wa likizo mambo yalikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Kijana wao wa darasa la sita alikuwa nyumbani kutwa. Popi akiamka, kijana yupo. Akimaliza kula, kijana anatoka naye uani. Sakafu ilikuwa kavu siku nyingi, na baba akawaambia wenzake kazini kwamba mbwa wake ana akili, amejifunza ndani ya wiki mbili.

Popi alikuwa bado hajajifunza kitu. Aliyezoea ratiba ni yule kijana, na siku alipovaa sare na kuondoka saa 12 asubuhi, ratiba iliondoka naye.

Hapo ndipo nyumba nyingi hukwama. Mtoto wa mbwa huletwa likizo, watoto wakiwa na muda, naye huonekana ameshika adabu. Shule zikifunguliwa anabaki na mtu mmoja mwenye kufua, kupika na kumlea mdogo, mtu ambaye hakuulizwa kama anataka mbwa. Sebule inaanza kunuka, lawama zinahamia kwa mbwa, na hasira zinahamia kwa dada.

Sebule kwake ni uwanja

Mbwa hazaliwi akijua tofauti ya ndani na nje. Katika wiki tatu za mwanzo mama yake ndiye humlamba tumboni na nyuma ili atoe haja, na humsafisha hapohapo. Baada ya hapo, anapoanza kutembea, mtoto wa mbwa mwenyewe hujivuta pembeni kidogo ya mahali anapolala, kwa kuwa hapendi kuchafua malazi yake. Silika hiyo ndogo ndiyo mtaji wote wa kumfundisha.

Tatizo ni ukubwa wa nyumba. Kwa mtoto wa mbwa, “ndani” ni pale alipolaza tumbo lake. Akitoka kwenye gunia lake akatembea hatua kumi mpaka nyuma ya kochi, kwa hesabu zake ametoka nje, tena amekuwa mstaarabu. Kosa analoonekana kulifanya ni la kijiografia tu.

Kisha kuna kibofu chenyewe. Kanuni inayotumiwa na wafugaji wengi ni kuchukua umri wake kwa miezi na kuongeza moja. Jibu ndilo saa nyingi kabisa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili ni saa tatu, wa miezi mitatu ni saa nne. Hicho ni kikomo cha juu, tena akiwa ametulia. Akiwa macho anacheza, wa miezi miwili anahitaji kutolewa kila baada ya saa moja au mbili. Na kuna nyakati ambazo saa hazihesabiwi kabisa: anapoamka, hata kama alilala dakika kumi tu, anapomaliza kula, anapomaliza kucheza kwa fujo. Hapo anatolewa mara moja.

Yeye mwenyewe hutoa taarifa, ila kwa lugha yake. Anaacha mchezo ghafla, ananusa sakafu, anazunguka mahali pamoja, anaelekea kwenye kona aliyokojoa jana. Mwenye macho ana sekunde chache za kumbeba, maana ukimwacha atembee hadi mlangoni mara nyingi hafiki.

“Anajua alichofanya”

Kofi na kusuguliwa pua ni desturi ya zamani, na wengi wanaoifuata waliwaona wazazi wao wakifanya hivyo. Baba wa Kihonda alikuwa na hoja yake: mbona mbwa anajificha? Si ndiyo kusema anajua amekosa?

Swali hilo limewahi kupimwa. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa katika chuo cha Barnard, New York, alichapisha utafiti uliohusisha mbwa 14 na wenye mbwa hao. Mbwa alikatazwa kula kipande cha chakula, mwenye mbwa akatoka chumbani, na aliporudi aliambiwa kama mbwa ametii au hakutii, mara nyingine akiambiwa uongo. Ile sura ya kujutia, masikio chini na macho pembeni, ilionekana mbwa anapokaripiwa, awe amekula au hajala. Waliokaripiwa bila kosa ndio walioionyesha zaidi. Mbwa alikuwa akisoma uso wa bwana wake tu, dhamiri haikuhusika.

Popi naye alikuwa amejifunza somo, ila silo alilofundishwa. Alichoelewa ni kwamba mkojo ukiwa sakafuni na baba akiwa chumbani, mambo huharibika. Kwa hiyo akaanza kutafuta mahali ambapo baba haoni: nyuma ya kochi, chini ya kitanda, juu ya rundo la nguo. Hata alipotolewa nje na baba aligoma kukojoa mbele yake, akasubiri arudishwe ndani amalizie kwa siri. Kadiri alivyopigwa ndivyo alivyozidi kuwa mgumu kufundishika.

Shuka nyuma ya kochi

Alhamisi ya wiki ileile mama alivuta kochi ili dada apate kudeki, akakuta shuka limekunjwa na kusukumizwa ukutani. Lilikuwa limelowa, na halikuwa la Popi.

Binti wa darasa la pili alikuwa bado anakojoa kitandani baadhi ya usiku. Nyumbani walijua, na asubuhi alikuwa na kawaida ya kumnong’oneza mama, shuka linafuliwa, basi. Wiki hiyo hakunong’ona. Mama alipomuuliza kwa nini ameficha, mtoto alijibu huku akiangalia chini: “Nilidhani baba atanisugua pua.”

Baba alikuwa mlangoni na alisikia.

Mtoto si mbwa, na hakuna aliyekuwa na nia ya kumfanyia hivyo. Lakini mtoto wa miaka saba huangalia nyumba inavyomtendea yule aliyekojoa, kisha hupiga hesabu zake mwenyewe. Na si yeye peke yake mwenye siri hiyo. Inakadiriwa kuwa katika kila watoto 100 wa miaka saba, kati ya watano na kumi bado hukojoa kitandani. Hutokea wakiwa usingizini, hurithiwa katika familia nyingi, na wengi huacha wenyewe bila dawa. Haina uhusiano na uvivu. Mtoto wa kupelekwa hospitali bila kuchelewa ni yule aliyekuwa ameshaacha kwa miezi kadhaa kisha akaanza tena, au anayesikia maumivu akikojoa, au aliye na kiu isiyo ya kawaida.

Jioni hiyo bibi, mama yake baba, alipiga simu kutoka Mahenge kusalimia. Alipoelezwa alicheka sana. Akamwambia mwanawe, spika ya simu ikiwa wazi na watoto wanasikia, kwamba yeye mwenyewe godoro lake lilianikwa juani mpaka alipokuwa darasa la tatu. Baba hakuwa na la kujibu. Kesho yake alfajiri shuka la binti lilifuliwa na baba, na tangu hapo Popi hakupigwa tena.

Nani yupo saa nne asubuhi?

Jumamosi Popi alipelekwa kwa daktari wa mifugo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa mbwa anapotimiza miezi mitatu. Baba akatumia nafasi hiyo kulalamikia mikojo. Daktari hakutoa dawa yoyote. Aliuliza swali moja: saa nne asubuhi nyumbani kunakuwa na nani?

Baba na mama wakatazamana. Kunakuwa na dada, na mdogo wa miaka mitatu. Dada hakuwa amekuja, na hakuna aliyefikiria kumleta.

Siku hiyo mchana mama alimwita dada mezani wakaongea, na ndipo likajulikana jambo ambalo kwa wiki tano hakuna aliyeliuliza. Dada alikuwa anamwogopa Popi. Kwao Kilosa mdogo wake aliwahi kung’atwa na mbwa wa kuzurura, na familia ikahangaika kutafuta sindano. Tangu hapo hagusi mbwa, awe mkubwa au mdogo. Kila mara alipokuwa akideki alitumia fagio kumfukuzia mbali, na Popi alidhani ni mchezo, akawa anang’ang’ania fagio.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba, na zaidi ya asilimia 99 ya watu wanaokipata huambukizwa na mbwa. Kinachookoa ni kuchanja mbwa mapema, na mtu akiumwa, kuosha jeraha hapohapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Mama alimpa dada cheti cha chanjo ya Popi akisome mwenyewe. Alikisoma mara mbili, akauliza tarehe ya chanjo inayofuata, akakirudisha.

Kisha wakapatana. Vyombo vya jioni vitaoshwa na kijana. Sare zao watoto wakubwa watafua wenyewe Jumamosi. Mshahara utaongezeka shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa sababu kulea mbwa ni kazi, na kazi iliyoongezwa kimyakimya juu ya nyingine ndiyo iliyomchosha dada. Baba alijipa zamu ya usiku. Hilo la mwisho halikupendekezwa na mtu, alijitolea mwenyewe.

Ratiba iliandikwa kwenye kalenda ya ukutani jikoni. Saa 12 asubuhi ni baba kabla hajaondoka. Saa 2, saa 4, saa 6 na saa 8 ni dada. Saa 10 ni kijana akirudi shule, na saa 12 jioni ni binti, akisindikizwa. Saa 3 usiku ni mama, na saa 8 usiku baba anaamka. Kila aliyemtoa anaweka alama: tiki akikojoa nje, duara akikojoa ndani.

Chakula nacho kikapangiwa saa. Awali bakuli la Popi lilikuwa halikauki; kila mwenye makombo alimwagia humo, na mbwa anayekula kutwa hujisaidia kutwa. Sasa akawa anapewa mara tatu kwa siku, na dakika 20 baadaye bakuli linaondolewa. Maji hayakuzuiwa mchana, maana Morogoro kuna joto. Yaliondolewa tu saa moja kabla ya kulala.

Chini ya mpera

Popi alichaguliwa mahali pamoja, chini ya mpera, mbali na bomba na kamba ya nguo. Alipelekwa hapohapo kila mara kwa sababu harufu ya jana humkumbusha kazi ya leo. Anayempeleka hachezi naye. Anasimama, anasema neno moja, na watoto walikubaliana liwe “haraka”, kisha anasubiri dakika tano.

Akimaliza anasifiwa papo hapo na kupewa kichwa cha dagaa. Wengi hukosea hapa. Mbwa akikojoa chini ya mpera na dagaa akapewa mlangoni, anaelewa kuwa amelipwa kwa kurudi ndani. Na asiporukwa na sifa zile sekunde mbili tatu baada ya kumaliza, somo limepita. Jambo jingine ambalo kijana aliligundua mwenyewe: Popi akirudishwa ndani mara tu anapokojoa, anaanza kuchelewesha kukojoa ili akae nje zaidi. Akiachwa acheze dakika chache baada ya kumaliza, anamaliza haraka ili mchezo uanze.

Asipokojoa ndani ya dakika tano, harudi kuzurura sebuleni. Anaingia kwenye kreti robo saa, kisha anatolewa tena.

Kreti hiyo ilitengenezwa na fundi seremala wa mtaani kwa mbao za paleti, yenye nafasi kati ya mbao ili hewa ipite. Ukubwa wake unamtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Ikiwa kubwa sana atalala kona moja na kukojoa nyingine, kwa hiyo baba aliziba nusu kwa boksi gumu na kusogeza kadiri mbwa alivyokua. Ndani kulitandikwa khanga kuukuu. Haikuwekwa juani, na haikutumiwa kumwadhibu. Mchana hakukaa humo zaidi ya saa mbili mfululizo, kwani mbwa anayeachwa ndani ya kreti mpaka akashindwa kujizuia hupoteza ile silika ya kutochafua malazi, na hasara hiyo ni ngumu kuirudisha.

Akikutwa katikati ya kosa anaitwa tu jina kwa sauti ya kumshtua kidogo, anabebwa mpaka chini ya mpera amalizie huko, na akimalizia anasifiwa. Akikutwa ameshamaliza zamani, anayedeki anadeki na kunyamaza.

Kudeki kwenyewe kuna namna yake. Dada alikuwa akitumia Jik kila mara, akimwaga moja kwa moja juu ya mkojo, na alikuwa akikohoa. Mkojo una amonia, na dawa ya klorini ikikutana na amonia hutoa gesi inayochoma macho na kifua, hatari zaidi kwa mtoto anayetambaa au kucheza sakafuni. Klorini ikichanganywa na siki ni mbaya vilevile. Njia salama ni kukausha mkojo kwa tambara, kuosha kwa maji na sabuni, kisha kupangusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ili kuua harufu, bila Jik. Harufu ikibaki, hata kama binadamu haisikii, mbwa anaisoma kama kibao cha choo. Kapeti la sebuleni lilikunjwa likapandishwa juu ya kabati kwa miezi miwili. Mama anasema hilo peke yake lilipunguza nusu ya ugomvi.

Kinyesi ndicho kilichomtia mama wasiwasi zaidi baada ya kuzungumza na daktari. Mdogo wao wa miaka mitatu hukimbia uani pekupeku na kula udongo anapopata nafasi. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa tayari wana minyoo waliyoipata kwa mama yao. Mayai ya minyoo hao yakitoka na kinyesi hayaambukizi siku hiyohiyo. Yanahitaji wiki mbili au zaidi ardhini, na yakimezwa na mtoto, viluwiluwi vyake huweza kutangatanga mwilini mpaka kwenye ini, mapafu, hata jicho. Minyoo ya safura ya mbwa hutumia njia nyingine: baada ya siku chache kwenye udongo wenye unyevu, hupenya ngozi ya mguu na kuacha michirizi inayowasha. Maana yake ni kwamba kinyesi kikizolewa kila siku, hatari kubwa inaondoka kabla haijaiva.

Kijana alipewa koleo na kazi hiyo. Kinyesi hufukiwa kwenye shimo nyuma ya nyumba, na hakitupwi kwenye bustani ya mchicha, kwani si mbolea kama ya ng’ombe. Popi alipewa dawa ya minyoo na ataendelea kupewa kila mwezi mpaka miezi sita. Kandambili za mdogo zikapewa kigingi chake mlangoni, na dumu la maji na sabuni likawekwa karibu na mpera.

Dada ndiye aliyeongeza jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Mdogo naye alikuwa bado anafundishwa kutumia poti, na saa zake zilikuwa karibu zilezile. Basi saa 4 asubuhi dada anatoka na wote wawili: mmoja kwenye poti barazani, mwingine chini ya mpera. Mdogo akawa anagoma kuamka kwenye poti mpaka Popi amalize, na siku nyingine kinyume chake. Wote walipigiwa makofi ya pongezi. Dagaa alipewa mmoja, ingawa mwingine aliomba.

Kalenda ya Julai bado ipo jikoni. Wiki ya kwanza ina maduara tisa, ya pili matano, ya tatu mawili, ya nne manne, kwa sababu kijana aliugua malaria na zamu ya saa 10 ikasahaulika. Agosti ina maduara matatu mwezi mzima. Moja halikustahili kuwekwa: mjomba wao alikuja ghafla, Popi akamrukia kwa furaha na kumlowesha kiatu. Mkojo wa furaha au wa hofu haumo katika somo hili; mbwa mdogo haujui unamtoka, na dawa yake ni mgeni kumpuuza mpaka atulie, kisha amsalimie akiwa amechuchumaa. Wengi huuacha wakikua.

Tofauti na hiyo ni mbwa aliyekuwa ameshika ratiba akaanza kukojoa kidogokidogo kila mara, au kwa kujikamua, au mkojo una damu. Huyo ni mgonjwa, anatakiwa kwa daktari. Na mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu asisubiri hata kesho, kwani virusi vya pavo huua kwa siku chache. Virusi hivyo hukaa ardhini miezi mingi, na ndiyo sababu Popi hakupelekwa barabarani wala kwenye viwanja vya wazi kabla ya kumaliza chanjo zake za utotoni karibu na miezi minne.

Wanaokaa ghorofani hawana mpera. Wengi hutandaza magazeti ya zamani kwenye kona moja ya kibaraza, na gazeti lililokwisha kusomwa halina kazi bora zaidi. Hufaa, ila mbwa hujifunza mara mbili: kwanza karatasi, kisha ardhi. Tandiko lipunguzwe na kusogezwa kuelekea mlangoni kila siku chache. Kwa wapangaji wa uani pamoja, ni vyema mahali pa mbwa papatanwe na majirani kabla hajaletwa, hasa penye Waislamu, ambao wengi wao huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi na hawatapenda amalizie haja zake karibu na bomba la kutawadhia au mikeka. Mazungumzo ya dakika kumi kabla ni nafuu kuliko kuhamishwa baada.

Mvua za vuli zilipoanza Oktoba, Popi, ambaye alikuwa hajawahi kuona mvua kubwa, aligoma kushuka barazani. Kwa siku tatu alisimama kwenye ngazi, akautazama mpera, akakojoa hapohapo kwenye ngazi. Siku ya nne saa 8 usiku majirani walimwona baba wa nyumba hiyo chini ya mpera, kavaa kandambili na bukta, ameshika mwamvuli juu ya mbwa. Wamemtania hadi leo.

Sasa Popi ana miezi saba na banda lake limekamilika. Analala nje kama ilivyopangwa mwanzo, na hubweka mtu akigusa geti. Mchana anaingia sebuleni, na akitaka kutoka anakwaruza mlango mara moja na kukaa chini kusubiri. Dada huwa anamfungulia bila kuacha anachofanya. Hajampakata hata siku moja, na amesema hatampakata. Ila alipokwenda likizo kwao Kilosa wiki mbili, alipiga simu siku ya tatu kuuliza kama mdogo anakula, na kabla ya kukata akauliza kama saa 4 kuna mtu anayekumbuka.

Kreti haipo tena sebuleni. Wiki iliyopita jirani wa nyumba ya tatu alikuja kuiazima. Naye ameletewa mtoto wa mbwa, na shule zinakaribia kufungwa. Kijana alimbebea mpaka kwake. Alimwonyesha pa kuziba kwa boksi, akamwachia kalamu, kisha akamuuliza nani huwa anabaki nyumbani kwao asubuhi.